Mpigapicha, chunguza dari na ukuta kabla ya kununua difyuza

WAPIGAPICHA wengi wanaotegemea harusi, mahafali na sherehe za ubatizo kujipatia riziki wanaijua vyema picha ambayo mteja huikataa. Paji la uso na ncha ya pua vinang'aa kana kwamba vimemwagiwa mafuta, macho yamekosa uhai, na nyuma ya mteja kivuli cheusi kimeganda ukutani mithili ya mtu wa pili. Kamera huwa ni nzuri na lenzi haina kasoro. Tatizo huwa ni mwanga wa flashi uliorushwa moja kwa moja usoni.

Picha ya aina hiyo ni hasara. Harusi hairudiwi, wala mhitimu havai joho mara ya pili kwa sababu mpigapicha alikosea. Ndiposa wengi wao, mara tu wanapopata malipo ya kwanza, hukimbilia madukani kununua difyuza, yaani kifaa cha kutawanya mwanga kinachovishwa kichwani mwa flashi. Huwa wanaamini kwamba plastiki nyeupe italainisha mwanga popote pale. Baadaye hugundua kuwa picha hazikubadilika sana, ila betri sasa zinaisha mapema kuliko zamani.

Sababu ni kwamba vifaa vingi vya aina hii havilainishi mwanga vyenyewe. Hutegemea kilicho karibu, iwe ni dari, ukuta au kitambaa cha hema, ili mwanga uakisiwe na kumrudia anayepigwa picha ukiwa umetanda. Anayeifahamu kanuni hii ataweza kuchagua kifaa kinachoifaa kazi yake, na pengine kung'amua kwamba kipande cha karatasi ya manila kinamtosha.

Kinachofanya mwanga uwe laini

Mwanga huitwa laini wakati mpaka kati ya sehemu ya uso yenye nuru na ile yenye kivuli unapofifia polepole. Huitwa mkali mpaka huo unapoonekana kama uliokatwa kwa wembe. Jambo linaloamua ni ukubwa wa chanzo cha mwanga kinavyoonekana kutoka pale alipo anayepigwa picha. Chanzo kikubwa kilicho karibu hutoa mwanga laini kwa kuwa miale yake hufika usoni kutoka pande nyingi kwa pamoja, na kupenya hata mle ambamo kivuli kingekaa. Chanzo kidogo, au kikubwa kilicho mbali, hurusha miale yake kutoka upande mmoja.

Jua ni mfano mzuri. Upana wake ni takriban kilomita milioni 1.4, lakini kwa kuwa liko umbali wa karibu kilomita milioni 150, huonekana angani kama duara la nusu digrii tu. Hii ndiyo sababu jua la adhuhuri hutoa vivuli vyenye kingo kali. Wingu zito likilifunika, anga nzima hugeuka kuwa chanzo cha mwanga, na vivuli hufifia au kutoweka kabisa.

Kichwa cha flashi ya kawaida, ile inayopachikwa juu ya kamera, kina upana wa sentimita 7 hivi. Kwa mtu aliye umbali wa mita 3, hicho ni chanzo cha digrii 1 na ushei. Kifuniko cha plastiki chenye upana wa sentimita 10 hukifikisha kipimo hicho digrii 2 pekee, na tofauti hiyo ni vigumu kuiona kwenye picha. Mwavuli mweupe wenye upana wa mita 1 ukiwekwa umbali uo huo wa mita 3 hufikia digrii 19. Ukisogezwa hadi mita 1 kutoka usoni, hufikia digrii 53.

Hivyo basi, swali la kwanza kwa kifaa chochote kinachodaiwa kulainisha mwanga ni moja: je, kinalipanua eneo linalotoa mwanga, au kinalifunika tu?

Aina za vifaa vilivyopo

Kifaa kinachopatikana kwa urahisi zaidi ni kifuniko kidogo cha plastiki nyeupe kinachovishwa kichwani mwa flashi. Kampuni ya Sto-Fen ya Marekani ilikipa umaarufu kwa jina Omni-Bounce, na sasa kuna vya kuiga vya kila namna. Kazi yake ni kuutawanya mwanga pande zote badala ya kuuelekeza mbele. Katika chumba kidogo chenye kuta na dari nyeupe, mwanga huo hugonga kila upande na kumrudia mteja ukiwa laini. Katika uwanja wazi, sehemu kubwa huenda angani na isirudi kamwe. Aidha, kifuniko hiki hupunguza mwanga unaofika mbele kwa kiasi cha stopu moja au mbili. Kila stopu moja ni sawa na kuupunguza mwanga kwa nusu.

Aina ya pili ni kuba la plastiki laini linalofanana na bakuli. Linalojulikana zaidi ni Lightsphere, lililobuniwa na Gary Fong, mpigapicha wa harusi nchini Marekani. Kuba ni kubwa kuliko kifuniko, hivyo hufaa kidogo zaidi mteja anapokuwa karibu. Hata hivyo, nalo hutegemea dari na kuta. Udhaifu wake mwingine ni ukubwa wake, kwani husumbua katikati ya umati na huvuta macho ya watu mpigapicha anapotaka kufanya kazi kimyakimya.

Aina ya tatu ni kadi ya kuakisi. Hii hufungwa nyuma ya kichwa cha flashi kilichoelekezwa juu. Mwanga mwingi huenda darini na kurudi ukiwa laini, huku sehemu ndogo ikigonga kadi na kwenda mbele. Sehemu hiyo ndogo ndiyo hutia nukta ya nuru machoni na kupunguza kiza chini ya nyusi. Kampuni ya LumiQuest imetengeneza kadi za namna hii kwa miaka mingi, ilhali Rogue FlashBender ni kadi inayokunjika kwa umbo lolote. Kadi yenye urefu wa sentimita 25 huwa chanzo cha digrii 14 kwa mtu aliye umbali wa mita 1. Akisogea hadi mita 3, hubakia digrii 5 tu. Kwa hiyo kadi hufaa zaidi pale mteja anapokuwa karibu, au dari inapofanya sehemu kubwa ya kazi.

Kabla ya kununua kadi, ni vyema kuichunguza flashi yenyewe. Flashi nyingi huja na kadi ndogo nyeupe na kipande chembamba cha plastiki, vyote vikiwa vimefichwa kichwani. Kadi hiyo hutia nuru machoni flashi inapoelekezwa darini. Kipande cha plastiki hukusudiwa kuutandaza mwanga kwa lenzi pana, wala si kuulainisha. Wapo waliomiliki flashi kwa miaka mingi bila kuvivuta nje vifaa hivyo.

Aina ya nne ni kifaa kinachofanya kazi kinyume na difyuza, nacho ni kipande cha sponji nyembamba nyeusi. Neil van Niekerk, mpigapicha mzaliwa wa Afrika Kusini aliyejijengea jina nchini Marekani, ndiye aliyekieneza. Sponji hufungwa kwa mpira upande mmoja wa kichwa cha flashi ili kuuzuia mwanga usimfikie mteja moja kwa moja. Flashi kisha huelekezwa kwenye ukuta wa kando au wa nyuma, nao ukuta huo mzima hugeuka kuwa chanzo kikubwa cha mwanga. Picha hutokea kana kwamba mteja aliketi karibu na dirisha. Gharama ya kifaa hiki ni ya kipande cha sponji na mpira wa kufungia.

Aina ya tano ni mwavuli na kasha la kitambaa, maarufu kama softiboksi. Hivi huwekwa kwenye stendi mbali na kamera, na flashi huwashwa kwa kifaa cha mawimbi ya redio kiitwacho triga. Mnamo 2006, David Hobby, aliyekuwa mpigapicha wa gazeti la Baltimore Sun, alianzisha mafunzo ya Strobist kwenye intaneti, na maelfu ya watu wakajifunza kuitumia flashi ndogo kwa njia hii. Miongoni mwa vifaa vyote vilivyotajwa, mwavuli na softiboksi ndivyo vinavyoweza kulainisha mwanga pasipo kutegemea dari wala ukuta, mradi viwekwe karibu na anayepigwa picha.

Kuna pia makasha madogo ya kitambaa, yenye upana wa sentimita 20 hivi, yanayofungwa kwenye flashi iliyo juu ya kamera. Kwa picha ya uso wa mtoto aliye umbali wa nusu mita, haya husaidia. Kwa bwana na bibi harusi waliosimama umbali wa mita 4, hayana tofauti kubwa na kifuniko cha plastiki.

Mahali ndipo huamua kifaa

Chumba chenye dari nyeupe iliyo kimo cha mita 2.5 hadi 3 ni neema kwa mpigapicha. Hapa flashi isiyovishwa chochote, ikielekezwa juu na nyuma kidogo, hutoa mwanga laini kuliko difyuza yoyote ndogo. Tahadhari ni moja: dari iliyo juu kabisa ya kichwa cha mteja ikipokea mwanga wote, macho yake hubakia kizani. Dawa yake ni kadi ndogo, au kuielekeza flashi kwenye kona ambapo dari na ukuta hukutana ili mwanga ushuke kwa mshazari.

Rangi nayo haipaswi kupuuzwa, maana mwanga uakisiwapo huibeba rangi ya kile ulichokigonga. Kuta za kijani kibichi au samawati, ambazo ni za kawaida katika kumbi za kijamii na madarasa, huwatia watu rangi ya ugonjwa. Dari ya mbao huwafanya wawe na rangi ya chungwa. Kuta nyingi hupakwa rangi ya mafuta kuanzia sakafuni hadi kifuani, na sehemu hiyo huakisi mwanga kama kioo, hivyo flashi ielekezwe juu yake. Iwapo kila upande una rangi ileile, mpigapicha anaweza kuielekeza kamera kwenye karatasi nyeupe iliyoangaziwa na mwanga huo na kurekebisha mizani ya rangi nyeupe. Hata hivyo, kama uso umepokea mwanga mweupe upande mmoja na wa kijani upande wa pili, marekebisho hayo hayatafaa kitu.

Hema za harusi zinahitaji uangalifu uo huo. Hema nyeupe ni difyuza tosha, kwani mchana hulichuja jua na usiku huakisi mwanga wa flashi kutoka juu. Hema yenye vitambaa vyekundu, vya zambarau au vya kijani huitia kila sura rangi hiyo. Mpigapicha aliyewahi kufika mapema aweza kuwaomba waandalizi kwamba meza ya maharusi iwekwe chini ya sehemu nyeupe.

Paa la mabati lisilo na dari huakisi mwanga kwa michirizi likiwa jipya, na huumeza likishika kutu. Paa la makuti, ambalo ni la kawaida katika hoteli na kumbi za Pwani, halirudishi karibu chochote. Kinyume chake, kuta zilizopakwa chokaa katika Mji wa Kale wa Mombasa na vichochoro vya Lamu ni viakisi bora. Mpigapicha aliye huko huhitaji tu kumgeuza mteja auelekee ukuta unaopigwa na jua, na flashi ikabaki mkobani.

Makanisa makubwa na kumbi zenye dari za mita 8 au zaidi huwa na matatizo yao. Huko kuielekeza flashi juu ni kupoteza nguvu. Ukuta mweupe ulio karibu, nguzo pana, au hata msaidizi aliyeshika kiakisi cheupe ni msaada mkubwa zaidi. Isitoshe, baadhi ya maabadi hayaruhusu flashi wakati wa ibada, na ni busara kuuliza mapema.

Nje, jua la adhuhuri karibu na ikweta huwa juu ya utosi, nalo hutia kivuli kizito machoni. Wengi huvisha difyuza hapa, ilhali ndipo mahali ambapo haihitajiki. Jua ndilo linaloangaza picha, na flashi ina kazi moja tu ya kupunguza kiza cha kivuli. Flashi isiyofunikwa, ikipunguzwa nguvu kwa stopu moja hadi mbili chini ya kipimo cha kamera, hutosha. Ikiwa picha inahitaji mwanga laini nje, suluhisho ni kivuli cha veranda, au mwavuli uliowekwa karibu ukishikiliwa na msaidizi. Stendi ya mwavuli isiyozuiwa kwa mfuko wa mchanga huangushwa hata na upepo mdogo, na flashi ikavunjika.

Hesabu ya nguvu

Kila flashi huwa na namba ya nguvu inayoandikwa kwenye kijitabu chake, na hupimwa kwa mita katika ISO 100. Namba hiyo ikigawanywa kwa umbali, jibu ni tundu la lenzi linalofaa. Mathalani, flashi yenye namba 40 ikielekezwa kwa mtu aliye umbali wa mita 4 hutoa f/10.

Ikielekezwa darini, umbali unaohesabiwa ni wa safari yote ya mwanga, kwenda na kurudi. Tuseme dari ina kimo cha mita 3, na flashi pamoja na uso wa mteja viko mita 1.5 kutoka sakafuni. Mwanga utasafiri mita 5, na jibu litakuwa f/8. Dari nayo hutawanya na kumeza sehemu ya mwanga, na kwa kawaida hilo hukadiriwa kuwa stopu mbili hivi, kutegemea weupe wake. Kilichobakia ni f/4. Kuipandisha ISO kutoka 100 hadi 400 kutairejesha picha kwenye f/8.

Hesabu iyo hiyo ikifanywa katika kanisa lenye dari ya mita 8, safari ya mwanga inakuwa zaidi ya mita 13, na baada ya kuondoa stopu mbili hubakia takriban f/1.5. Hapo ndipo inapokuwa bayana kwa nini picha za ukumbi mkubwa hutoka zikiwa nyeusi licha ya flashi kuwaka kwa nguvu zake zote.

Flashi inayowaka kwa nguvu kamili kila mara huchelewa kujijaza, hupata joto, na baadhi hujizima zenyewe hadi zipoe. Katika harusi, sekunde chache za kungoja ndizo ambamo pete huvishwa. Hivyo difyuza inayokula stopu mbili pasipo kulainisha chochote humgharimu mpigapicha betri na pia nafasi ya kuipata picha yenyewe.

Ngozi, miwani na macho

Kwa muda mrefu, viwango vya picha za rangi viliwekwa kwa kuzingatia ngozi nyeupe. Kuanzia miaka ya 1950, kampuni ya Kodak ya Marekani ilizipa maabara kadi zenye picha ya mwanamke mzungu ili zitumike kusawazisha rangi. Kadi hizo zilijulikana kama kadi za Shirley. Haikuwa hadi katikati ya miaka ya 1990 ambapo Kodak ilitoa kadi yenye sura za watu wa rangi tofauti. Kamera za leo zimeboreka, lakini namna ya kuangaza ngozi nyeusi bado ni jukumu la mpigapicha.

Ngozi nyeusi hupendeza inapoakisi chanzo kikubwa cha mwanga. Flashi ndogo huacha nukta nyeupe kali kwenye paji la uso na pua, hususan mtu akitokwa na jasho. Chanzo kikubwa huacha mng'ao mpana na mwororo unaoonyesha umbo la shavu na kidevu. Kuiongeza tu nguvu ya flashi ili uso uwe mweupe ni kosa, kwani huikuza nukta hiyo na kuichoma picha. Mwanga wa ukuta wa kando, leso ya kupangusia jasho na poda kidogo hufanikisha zaidi.

Mfumo wa TTL, ambao huiwezesha kamera kujipimia mwanga wa flashi, nao huhadaika. Hudhani kwamba kila kilicho mbele yake kina mng'ao wa wastani. Rinda jeupe la bibi harusi huufanya upunguze mwanga, na nyuso zikatoka nyeusi mno. Suti nyeusi huufanya uongeze mwanga kupita kiasi. Marekebisho ya flashi, kuongeza stopu moja kwa rinda jeupe au kupunguza kiasi kwa suti nyeusi, hayana budi kufanywa kwa mkono.

Watu wenye ualbino huumizwa macho na mwanga mkali. Kuwarushia flashi usoni si ungwana, na picha hutoka wakiwa wamefumba macho. Mwanga ulioakisiwa kutoka darini, baada ya kumweleza anayepigwa picha kwamba flashi itawaka, ndio unaofaa. Katika picha ya familia yenye watu wa rangi mbalimbali, mwanga upimwe ili uso mweupe zaidi usichomeke, na nyuso nyeusi ziinuliwe kidogo wakati wa kusafisha picha kwenye kompyuta.

Mwenye miwani humpa mpigapicha kibarua kingine. Taa ikiwa juu ya kamera, vioo huirudisha moja kwa moja kwenye lenzi. Taa ikiinuliwa na kusogezwa kando, mng'ao huo hutoka kwenye vioo. Macho mekundu nayo husababishwa na flashi kuwa karibu mno na lenzi, hivyo dawa yake ni ileile.

Picha za pasipoti, ambazo ni tegemeo la studio nyingi ndogo, zina masharti makali zaidi. Mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) hautaki kivuli usoni wala nyuma ya mtu, na haukubali macho mekundu wala mng'ao kwenye miwani. Miavuli miwili, mmoja kila upande, pamoja na kumsimamisha mteja mbali kidogo na ukuta, huyatimiza masharti hayo kwa urahisi kuliko difyuza yoyote ya juu ya kamera.

Kabla ya kutoa pesa

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kifaa chenye kisanduku cha kupendeza hakina budi kufanyiwa jaribio. Mtu asimame nusu mita kutoka ukutani, kisha apigwe picha tatu: ya kwanza kwa flashi iliyoelekezwa kwake bila kufunikwa, ya pili kwa difyuza inayouzwa, na ya tatu kwa flashi isiyofunikwa iliyoelekezwa darini. Mnunuzi atazame kivuli chini ya kidevu, mng'ao kwenye paji la uso, na kivuli cha ukutani. Picha ya pili ikifanana na ya kwanza huku ya tatu ikizishinda zote mbili, pesa zirudi mfukoni.

Jambo la pili la kukagua ni namna kifaa kinavyoshika. Vichwa vya flashi hutofautiana ukubwa, na kifuniko kilichotengenezewa flashi nyingine huanguka sherehe ikiwa imepamba moto. Vinavyofungwa kwa mkanda hufaa flashi nyingi zaidi. Flashi zenye kichwa cha mviringo, kama Godox V1 iliyozinduliwa 2019, huwa na vifaa vyake vinavyonaswa kwa sumaku. Kadhalika, plastiki au kitambaa kiwe cheupe kabisa, kwani kilichogeuka rangi ya manjano huipaka picha rangi hiyo.

Asiye na uwezo anaweza kujitengenezea. Karatasi ya manila nyeupe iliyokatwa sentimita 10 kwa 15 na kufungwa kwa mpira nyuma ya kichwa cha flashi hufanya kazi ya kadi ya dukani. Shuka jeupe lililotandazwa ukutani huigeuza rangi mbaya ya chumba. Kipande cha ubao mwepesi mweupe, akishika msaidizi, huwa ukuta wa kubebwa. La kuepukwa ni kuibandika karatasi juu ya kioo cha flashi chenyewe, kwa kuwa flashi inapowaka kwa nguvu mara nyingi mfululizo joto lake linaweza kuichoma.

Kwa anayeanza, mpangilio wa ununuzi unaofaa ni huu: kwanza flashi ambayo kichwa chake huinuka na kugeuka pande zote, kwa kuwa ile isiyogeuka haiwezi kutumia ukuta wala dari; pili, betri za akiba; tatu, kadi nyeupe na sponji nyeusi; nne, mwavuli mweupe, stendi na triga. Kifuniko cha plastiki na kuba vije mwisho, na ni kwa yule tu ambaye kazi yake nyingi hufanyika katika vyumba vidogo vyeupe, ambamo hana nafasi ya kuigeuza flashi kila mara.

Kazi yenyewe huanza kabla ya wageni kuwasili. Mpigapicha afikaye ukumbini nusu saa mapema huwa na wasaa wa kutazama dari ni ya rangi gani, ukuta upi ni mweupe na uko umbali gani na jukwaa, kisha kupiga picha mbili tatu za majaribio kwa yeyote aliyepo. Baada ya hapo atajua ni kifaa kipi atoe mkobani, na mara nyingi kitakuwa ni kile cha bei nafuu zaidi.